Waya Chini ya Pazia

Mashine ile ilitufikia ikiwa imefungwa ndani ya leso. Jirani yetu Mganda, aliyekaa na mumewe katika chumba kilichopakana na chetu pale Al Mansoura, mtaa wa Doha, aliitoa mkobani Ijumaa moja baada ya ibada ya kanisani Abu Hamour, akaiweka mapajani mwa dadangu kwa mikono miwili. Ilikuwa kidude cheupe cha plastiki, ukubwa wa redio ndogo ya betri, chenye kioo cha namba na waya mrefu ulioishia kwenye kichwa cha duara. Unapaka jeli tumboni, unakandamiza kile kichwa, na moyo wa mtoto unasikika kwenye spika.

"Imepita kwa mama wanne," jirani alisema. "Wote wamejifungua salama. Wa mwisho ni yule wa kwaya, mtoto wake si umemwona? Mashavu kama mandazi. Sasa ni zamu yako, nnyabo," akamalizia kwa neno la Kiganda la kumwita mwanamke kwa heshima.

Kisha akaomba, mkono mmoja juu ya mashine na mwingine juu ya tumbo la dada. Ndivyo akina mama wa ushirika wetu walivyoipitisha. Haikuuzwa wala kukodishwa. Ilitoka kwa aliyejifungua ikaenda kwa mwenye mimba, pamoja na maombi, na karatasi yake ya maelezo ilikuwa imepotea kabla haijafika kwetu. Dada alifumba macho wakati wa maombi. Mimi sikufumba. Nilikuwa nakitazama kile kichwa cha duara nikijiuliza kinatoa nini.

Nilikuwa sijamaliza mwaka Doha. Nilikuja na shahada ya uhandisi wa umeme nikapata kazi ya kutengeneza kompyuta za ofisi moja, kazi ambayo haikuhitaji shahada. Mama ndiye aliyeamua nikae kwa dada. Shemeji alikuwa dereva wa familia moja mjini Al Wakrah na alilala huko huko, akija kwetu Alhamisi jioni na kuondoka Ijumaa usiku. Mama alisema si vizuri dada akae peke yake katika hali ile. Kwa hiyo chumba kimoja kiligawanywa kwa kabati na pazia: upande wa dirisha ulikuwa wao, upande wa mlango ulikuwa wangu.

Walikuwa wameoana miaka sita bila mtoto. Hakuna aliyelisema jambo hilo mbele yangu, lakini nililijua kwa namna mama alivyokuwa akimaliza maombi yake ya simu, kila Jumapili, kwa sentensi moja ambayo haikutaja mtu. Mimba ilipoingia, sentensi ile iliondoka. Sote tulilitambua hilo na hakuna aliyelisema pia.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Tangu shuleni nilikuwa narudi nyumbani katikati ya njia kuhakikisha kwamba nimefunga mlango, na nikifika nakuta umefungwa, na nikiondoka naanza kuwaza kama wakati wa kuhakikisha nimeufungua. Dada aliponiambia ana hali ile, nilifurahi siku moja, kisha nikaanza kusoma. Nilisoma kuhusu samaki, paracetamol, joto la nje, maji ya matangi. Nilipofika kwenye ile mashine inayopiga picha ya mtoto tumboni, nilikaa hapo. Ni sauti tu, walisema, sauti iliyo juu mno sikio haliisikii. Lakini mimi najua kwamba sauti ni nguvu, na nguvu ikiingia ndani ya kitu kisha isitoke yote, iliyobaki inakuwa joto. Nilijua fizikia ya kutosha kunitisha, lakini haikutosha kunituliza.

Kipimo kikubwa cha katikati ya mimba kilichukua muda mrefu. Mtoto alikuwa amegeuka, kawapa mgongo, na yule mpimaji alimtaka dada atembee kidogo kisha alale tena. Niliketi kwenye korido na shemeji, aliyekuwa ameomba ruhusa kwa tajiri wake, na kila dakika nilikuwa nasimama na kuketi.

"Shemeji, wewe ndiye una mimba?" aliniuliza.

"Wanamkalia sana. Ile kitu ina joto."

"Hata chai ina joto."

Jioni hiyo dada alihisi tumbo limekaza. Nilimwambia ni joto la kile kipimo, na nilimwambia kwa namna ambayo yeye naye aliogopa. Tulikwenda hospitali. Mkunga aliyetupokea, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimpima, akasema tumbo kukaza hivyo ni kawaida, kisha akaniuliza mimi kilichonisumbua, maana nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote. Nikamwambia. Hakunicheka. Alisema kipimo kile si kama eksirei, hakina mionzi. Alisema ni kweli sauti inaweza kupasha mwili joto kidogo, ndiyo sababu nguvu ya mashine inawekwa chini na mpimaji hakai muda mrefu kuliko anavyohitaji, na kwamba kikifanywa na mtu aliyefunzwa, kwa sababu ya matibabu, hawajawahi kuona kimemdhuru mtoto. "Kisipofanywa," alisema, "ndipo kuna mambo tusiyoyaona."

Nilielewa kila neno. Tatizo langu ni kwamba kuelewa hakujawahi kunizuia kuwaza.

Sasa mashine ya leso. Kwetu kaka hamtazami dadake akiwa amefunua tumbo. Hata neno lenyewe mimba halitamkwi kati yenu, mnasema hali. Lakini dada akilala chali hakuweza kukiona kioo cha namba, shemeji alikuwa Al Wakrah, na jirani alifanya kazi ya usafi zamu ya jioni.

"Si wewe ndiye fundi wa umeme?" dada aliniambia. "Kaa huko kwako usome namba. Mimi nitashika hii."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Waya ulipita chini ya pazia. Upande wa dirisha dada alijipaka jeli na kusogeza kile kichwa. Upande wa mlango mimi niliketi sakafuni na kioo mkononi, nikimwambia kinachosema. Mara ya kwanza tulisikia mngurumo, kisha mkwaruzo, kisha kitu cha haraka sana, chembamba, kama mtu anayepiga mswaki akiwa amechelewa kazini. Namba ikasimama mia moja arobaini na kitu.

"Ni yeye?" dada aliuliza.

"Ni yeye."

Nilisikia pumzi yake ikibadilika upande ule nikajua analia, nikabaki nimetazama namba kwa sababu sikuwa na ruhusa ya kutazama kitu kingine. Kisha nikamwambia azime, imetosha, joto.

"Umeanza," alisema.

Aliitumia kila jioni. Alirekodi sauti ile kwa simu akampelekea shemeji, na shemeji akaisikiliza ndani ya gari akiwasubiri watoto wa tajiri nje ya shule. Mimi nilikuwa nikisema kila jioni kwamba inatosha. Dada alianza kuniita Daktari wa Mtandao. Mumewe naye akalichukua jina hilo, na jirani pia, ambaye alilitamka kwa heshima kana kwamba ni cheo. "Daktari, leo mtoto ameiva?" aliniuliza kwenye ngazi, akicheka mwenyewe.

Jumatatu moja haikupata kitu. Mngurumo tu, mkwaruzo, na kimya. Dada alisogeza kichwa kile huku na huku. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu. Tulikwenda hospitali na dada bado amevaa sare yake ya hoteli, alikokuwa msimamizi wa wasafisha vyumba, na tulipofika mkunga yule yule aliweka mashine yao mahali pamoja tu na mtoto akasikika papo hapo, mswaki wake ule ule wa haraka. Alikuwa amejificha upande. Dada aliona aibu hata akasahau kufurahi.

Mkunga aliiona mashine yetu ndani ya mkoba. Nilikuwa nimeibeba, sijui kwa nini, labda nilitaka kumwonyesha.

"Hii si salama kutumia nyumbani," alisema.

Niliitikia kwa kichwa kabla hajamaliza. Ndiyo, nilifikiri, sasa wamesikia kutoka kwa mtu mwenye sare. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kwa nini si salama. Dada hakuuliza kwa sababu ya aibu, na mimi sikuuliza kwa sababu nilidhani najua. Mkunga aliongeza kwamba mtoto akipunguza kucheza tuje moja kwa moja, wakati wowote. Kisha akaitwa kitanda kingine.

Ijumaa iliyofuata shemeji alimaliza wali wake kisha akasema, bila ubaya, "Shemeji, mtoto hajazaliwa na tayari amechoka na wewe."

Dada alicheka. Lakini baadaye aliniambia kwamba meneja wake alimuuliza kama hali yake inamruhusu kuendelea na usimamizi, na kwamba yeye hataenda tena hospitali mbio mbio kama mtu aliyefiwa. Tukapanga utaratibu mpya. Niliupanga mimi, naye akaukubali, na ulionekana wa busara kwa kila mtu aliyeusikia. Kwa kuwa mashine si salama, tusiiwashe kila siku. Ikae ndani ya leso. Tuiwashe tu kukiwa na shida.

Nimekuwa nikiugeuza utaratibu huo kichwani mwangu tangu wakati huo, na kila nikiugeuza naona namna ulivyokuwa umeundwa vizuri. Ulimkinga mtoto na kitu ambacho huenda hakikuwahi kumdhuru, na ukaiweka mashine mahali pekee ambapo ingeweza kutudhuru. Nani angejua? Nilikuwa nimeogopa inachokiingiza ndani. Sikuwahi kuogopa inachotuambia.

Mimba ilipofika mwezi wa nane mtoto alikuwa mkorofi. Dada alisema anacheza akiwa kazini, anacheza ibadani wakati wa mahubiri, anatulia wakati wa sadaka. Shemeji alisema basi huyo ni wa ukoo wao.

Jumanne ile dada alirudi kutoka kazini akaketi kitandani bila kuvua viatu. Alisema mtoto amekuwa kimya. Nikamuuliza kama alimhisi akisogea asubuhi. Hakuwa na hakika. Alikunywa juisi baridi, akalala ubavu wa kushoto, kama tulivyokuwa tumesoma. Mimi niliketi upande wangu nikimsikiliza akisubiri. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Baada ya muda akasema, "Nipe ile kitu."

"Twende hospitali," nilisema. Nilisema kweli. Lakini nilisema kama nilivyokuwa nimesema mara nyingi, kwa sauti ile ile, na sauti yangu ilikuwa imeshachakaa.

"Twende tukaambiwe amejificha? Nipe kwanza."

Niliifungua leso. Nikabadilisha betri. Waya ukapita chini ya pazia.

Alitafuta kwa muda mrefu. Alikisogeza kile kichwa huku na huku. Kila kilipohama spika ilikwaruza. Pumzi yake ilikuwa ya juu juu. Ndipo ikaja sauti, ya haraka, ya kufuatana, na namba ikapanda, ikashuka, ikasimama.

"Mia moja ishirini na tano," nilisema.

"Ni sawa hiyo?"

Nilijua mipaka. Nilikuwa nimeisoma hadi nimeikariri. "Iko ndani ya kawaida."

"Si huwa arobaini?"

"Akilala inashuka."

Sauti yenyewe haikuwa ya mswaki. Ilikuwa pana zaidi, laini, kama mtu anayefagia sakafu kwa haraka. Niliisikia tofauti hiyo. Mimi, ambaye nilikuwa nimewahi kukosa usingizi kwa ajili ya kopo la samaki, niliisikia tofauti hiyo nikaipa maelezo: betri mpya, mtoto mkubwa, mgongo wake umegeukia huku. Kulikuwa na namba kwenye kioo, na namba ilikuwa nzuri. Nilihisi mabega yangu yakishuka. Dada alipumua. Alimtumia shemeji ujumbe kwamba mtoto amelala, na shemeji akajibu, "Mwambie Daktari naye alale."

Nililala. Nalikumbuka hilo kwa sababu huwa silali vizuri, na usiku ule nililala kama jiwe.

Asubuhi dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni la kutokea, mkoba mapajani. Hakuwa amevaa sare. "Hajacheza," alisema. Tulichukua teksi. Nilimpigia shemeji, alikuwa njiani akiwapeleka watoto shule, akasema akishawashusha anakuja na gari hilo hilo, liwalo na liwe.

Hospitalini muuguzi alidhani mimi ndiye mume. Nilipomwambia ni kaka, alinionyesha kiti cha korido. Dada alikuwa amefika mlangoni. Akageuka.

"Ingia," aliniambia.

"Dada, shemeji anakuja sasa hivi."

"Ingia nimekwambia."

Nikaingia. Nilisimama upande wa kichwa chake, na kwa mara ya kwanza nililiona tumbo la dadangu, lile ambalo nilikuwa nimelisikia miezi yote kupitia waya. Lilikuwa na mstari mweusi katikati na ngozi imevutika hadi inang'aa. Mpimaji alikuwa msichana wa umri wangu. Alipaka jeli, akaweka kichwa cha mashine, na kwenye skrini mtoto akatokea, mzima kabisa, uti wa mgongo kama ushanga, mkono mmoja karibu na uso. Niliutafuta moyo wake. Nilikuwa nimeangalia picha nyingi sana za namna hiyo kwenye mtandao na nilijua mahali pa kutazama. Nilipaona. Palikuwa na vyumba vyake vinne, vimechorwa vizuri, na havikuwa vinafanya lolote.

Msichana aligeuza skrini kidogo kumwelekea yeye mwenyewe, akatoka, akarudi na daktari na mkunga wetu yule wa siku zote. Daktari alitazama kwa muda, mahali pamoja, bila kusogeza mkono. Kisha akamwambia dada kwamba anasikitika, hakuna mapigo ya moyo.

"Jana yalikuwepo," dada alisema. "Tuliyasikia. Huyu aliyasoma."

Wote wakanitazama. Nikaeleza: mashine, kioo, mia moja ishirini na tano. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ripoti ya kompyuta iliyoharibika. Mkunga alikuwa amemvalisha dada kile kibanio cha kidoleni cha kupimia mapigo, na sanduku lake dogo lilikuwa ukutani juu ya kitanda. Nililitazama kwa sababu mimi hutazama kila kitu chenye namba. Lilikuwa linasema mia moja ishirini na saba.

Sikumwambia mtu. Lakini dada alikuwa akifuata macho yangu. Aligeuza shingo, akaisoma namba ile mwenyewe, akakaa akiisoma.

"Hiyo ni yangu?" alimuuliza mkunga.

"Ni yako, mama. Moyo wako unakwenda mbio kwa sababu umeogopa."

"Na jana niliogopa," dada alisema.

Mkunga alimshika mkono. Alisema mashine za nyumbani zinasikia mshipa wowote ulio karibu, na kwamba hata wao humshika mama kwanza mapigo yake mkononi ili wasichanganye. Alisema hilo ndilo alilotaka kutuambia siku ile. Hakulisema kwa lawama. Nadhani alikuwa analia kidogo.

Shemeji alifika akiwa bado ameshika funguo za gari la tajiri. Nilitoka ili aingie. Kupitia mlango nilimsikia akisema, "Lakini amelala. Si mlisema amelala?" Baada ya hapo sikusikia maneno.

Alizaliwa kesho yake, mvulana. Shemeji na wanaume wawili wa kanisani walikwenda kumzika. Mimi nilibaki na dada. Daktari alikuja kutueleza kwamba hawajapata sababu, kondo la nyuma lilionekana sawa, kamba ya kitovu ilionekana sawa. Nilimuuliza, kwa Kiingereza cha haraka ili dada asifuatilie, kama tungekuja Jumanne jioni ingekuwaje. Alisema hawezi kujua. Inawezekana mtoto alikuwa ameshakwenda wakati huo. Inawezekana hakuwa. Dada, ambaye anasema Kiingereza siku nzima na wageni wa hoteli, alikuwa amelala akiangalia dari.

Maziwa yalikuja tuliporudi nyumbani. Jirani aliyaona yamelowesha gauni kabla dada mwenyewe hajayahisi. Alirarua shuka lake, akaenda naye nyuma ya pazia, akamfunga kifua kwa nguvu, akimwimbia kitu kwa Kiganda kwa sauti ya chini kama mtu anayemlaza mtoto, kisha akakatiza katikati alipogundua anachoimba.

Alipotoka alinivuta mlangoni.

"Daktari," alisema, na mara hii hakukuwa na mzaha, ni mazoea tu. "Kuna mwenzetu mwingine wa kanisani, ana miezi mitano. Alikuwa ameiomba ile mashine. Lakini akina mama wamekaa wakasema imeingia mkosi. Wewe waonaje?"

Nilifungua mdomo kumweleza. Mashine haina mkosi. Haijui tu moyo wa nani ni wa nani. Kisha nikafikiria wanavyoweza kuyachukua maelezo hayo. Wangesema basi tutaitumia kwa uangalifu, tutamshika mama mkono kwanza, na ingerudi kwenye leso na maombi na kwenda kwa yule wa miezi mitano. Mkosi usingeruhusu hilo.

"Wana haki," nilisema. "Isimfikie mtu."

Alinijibu kwa kunigusa bega. Kesho yake niliichukua mashine hadi kazini, nikaifungua kwa bisibisi, nikakata waya na kutupa vipande kwenye pipa la vifaa vibovu.

Matajiri wa shemeji walimpa siku chache kisha akarudi Al Wakrah. Ilikuwa baada ya yeye kuondoka ndipo mama alipopiga simu ya video, kwangu, si kwa dada. Nilikuwa nimeketi kitandani mwangu, upande wa mlango. Dada alikuwa upande wa dirisha. Hakuwa amelala, nilijua kwa kutosikia chochote.

"Mwanangu," mama alisema. Alikuwa nje ya nyumba, jua lilikuwa linampiga usoni. "Nimeongea na watu huku. Wote wananiambia kitu kimoja. Ni zile picha."

"Picha gani, mama?"

"Za hospitali. Kila wakati picha, picha. Mimi nimewazaa watano bila picha hata moja, na wote mko hai. Wewe umesoma mambo ya stima. Niambie ukweli. Zile picha zilimchoma?"

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi, na kungemtosha kila mtu. Kosa lingekwenda kwa watu wa mbali wenye makoti meupe. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyelala, hakuna aliyesoma namba. Dada, upande ule, angesikia kwamba alifanya kila alichoambiwa na wengine ndio waliomdhuru. Na mimi ningekuwa nimesema kweli tangu mwanzo. Nililiona jibu lile likiwa tayari mdomoni. Halafu nikamwona dada siku nyingine, Mungu akijalia, akiwa na hali ile tena, mtoto akiwa kimya, na yeye akikaa ndani kwa sababu kule kuna mashine zinazochoma, na mimi ndiye niliyemwambia.

"La, mama," nilisema. "Si picha. Hazichomi."

"Basi ni nini?"

"Daktari hajui."

"Amesoma hivyo na hajui?"

"Hajui, mama."

Jogoo aliwika mahali fulani nyuma yake, akawika tena. Kisha mama akauliza swali ambalo nilikuwa nimelingojea bila kujua nalingoja.

"Aliacha kucheza siku gani?"

Nilitazama simu. Nilijaribu kupanga sentensi ambayo ni ya kweli na isiyosema kitu, na nilikuwa bado naipanga pazia liliposogea. Dada alisimama pale, shuka la jirani likionekana shingoni mwa gauni. Alinyoosha mkono nikampa simu.

"Jumanne, mama," alisema. "Tukaenda Jumatano."

"Mbona mkalala?"

"Tulisikia moyo."

"Moyo wa nani?"

"Wangu."

Mama aliisogeza simu karibu na uso wake. Dada hakuusogeza uso wake kutoka kwenye kamera.

"Kifua kinauma?" mama aliuliza.

"Kinauma."

"Kimefungwa?"

"Kimefungwa."

"Usikikamue. Ukikamua yatazidi kuja."

"Sawa, mama."

Dada alinirudishia simu bila kuikata, akarudi upande wake, akalala akiangalia dirisha. Hakulivuta pazia. Niliiinua simu karibu na sikio ili mama azungumze kwa sauti ya chini.

"Amelala?"

"Hapana."

"Basi usizime. Iweke tu hapo nimwone."

Niliiegemeza simu kwenye kabati, ikimwelekea yeye. Mama hakuongea, dada hakugeuka, na mimi niliketi sakafuni kati yao hadi intaneti ya mama ilipokatika.